Miezi Tisa kwa Kitenzi Kimoja

Mtunga kamusi hapimwi kwa maneno magumu. Neno gumu huwa na maana moja, pengine mbili, na mara nyingi hujulikana lilionekana lini na katika kitabu gani. Jina la dawa, la samaki wa bahari ya baridi, la kipande cha mashine: hayo mtu huketi nayo asubuhi moja akayamaliza. Kazi huanza pale anapokabidhiwa kitenzi kifupi ambacho kila mtoto anakitumia bila kukifikiria. Kiingereza kinavyo vingi vya namna hiyo, 'go', 'take', 'set', 'put', 'make', na kile ninachotaka kukaa nacho hapa, 'run', ambacho sisi hufundishwa mapema shuleni kuwa ni kukimbia, tukaishi na jibu hilo miaka mingi.

Mwaka 2011 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ile kubwa inayofuatilia historia ya kila neno, ilitoa upya maelezo ya kitenzi hicho. Aliyekishughulikia ni Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wake, na ilimchukua kama miezi tisa. Alipomaliza, kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino inayofanana nacho, kilikuwa na maana 645. Kabla ya hapo sifa ya kuwa na maana nyingi kuliko neno jingine lolote ilikuwa ya 'set', ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989 kilipewa maana 430, katika maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Namba hizi hutajwa kama rekodi za riadha. Mimi zinanigusa kwa sababu nyingine: nyuma yake yupo mtu aliyeketi siku baada ya siku na herufi tatu mbele yake, asichoke kuuliza kila sentensi ilikuwa inasema nini hasa.

Ufundi huu una wazee wake. Kamusi ya Robert Cawdrey ya mwaka 1604, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ilijishughulisha na maneno magumu tu. Vitenzi vidogo vilionekana kama hewa, kila mtu anavyo. Samuel Johnson hakukubali. Alipochapisha kamusi yake London mwaka 1755, baada ya kazi ya miaka karibu tisa akisaidiwa na makarani sita kwenye chumba cha darini katika nyumba ya Gough Square, aliandika katika dibaji kwamba kuna kundi la vitenzi lililomtesa kuliko maneno mengine yote. Akavitaja kimoja kimoja, na 'run' kimo. Lalamiko lake lilikuwa la fundi anayeijua mbao yake: vinatumika mno, maana zake ni pana na legevu, vimetangatanga mbali na chanzo, na vinaendelea kubadilika wakati yeye angali anaviandika. Hata hivyo hakuvikimbia. Kitenzi 'take' peke yake alikigawa katika maana 134.

Karne moja baadaye, mwaka 1857, wanachama wa Chama cha Filolojia cha London walianza mradi uliozaa kamusi ya Oxford. Kanuni yao ilikuwa nzuri kwa unyenyekevu wake: mhariri asiliamulie neno, aliache neno lisimulie maisha yake. Limeonekana lini mara ya kwanza katika maandishi? Limeongeza maana zipi, kwa mpangilio gani? Ipi imekufa, na mtu wa mwisho kuitumia alikuwa nani? Ili neno lisimulie lazima liwe na mashahidi, na shahidi katika kazi hii ni kikaratasi.

Kikaratasi chenyewe ni nusu ya karatasi ya barua. Juu pembeni limeandikwa neno. Chini yake mwaka, mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, kisha sentensi nzima kama ilivyochapwa. Basi. Watu wa kila aina, walimu, makasisi, wanawake majumbani, walisoma vitabu na kuvijaza vikaratasi hivyo bila malipo. Mwaka 1879, James Murray alipotia saini mkataba wa kuihariri kamusi, alirithi vikaratasi vya miaka ishirini, uzito wa kama tani mbili. Murray alikuwa mtoto wa fundi cherehani kutoka kijiji cha Denholm huko Uskoti, aliacha shule akiwa na miaka 14, akajisomea mwenyewe lugha nyingi, na wakati huo alikuwa mwalimu katika shule ya Mill Hill. Magunia yalipofunguliwa, moja lilikuwa na panya mfu, jingine panya hai aliyejifungulia humo. Sehemu ya maneno yanayoanza na Pa ilipatikana Ireland, katika banda la farasi, vingi vya vikaratasi vyake vikiwa vimekwisha kutumika kuwashia moto. Murray akajenga banda la mabati kwenye uwanja wa shule, akalipa jina la Kilatini, Scriptorium, chumba cha waandishi, akatundika vishubaka 1,029 vya kupangia alichookoa.

Hapo ndipo alipogundua pengo ambalo kila mtunga kamusi baada yake amelijua. Wasomaji wa kujitolea walikuwa wameambiwa waandike maneno yanayowashangaza. Wakafanya hivyo kwa bidii. Neno 'abusion', ambalo hata Waingereza wengi hawajawahi kulisikia, lilikuwa na vikaratasi kama 50. Neno la kawaida, 'abuse', halikuwa na vitano. Jicho la binadamu likisoma hupita juu ya vitenzi vidogo bila kuviona, kwa kuwa ndivyo vinavyolibeba. Ikabidi Murray na wasaidizi wake warudi vitabuni wenyewe, wakawinde yale ambayo kila mtu alikuwa akiyaona na hakuna aliyeyaandika. Ikabidi pia wapatikane wasomaji wa aina nyingine. Mmoja alikuwa William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London mwaka 1872. Yeye hakutuma kila kilichomvutia. Alijitengenezea orodha ya maneno kwa kila kitabu alichosoma, kisha akasubiri. Wahariri walipofika kwenye neno fulani walimwandikia, naye akajibu na sentensi walizozihitaji, kutoka karne waliyoihitaji. Naona katika subira hiyo kitu kinachokaribia heshima: kumuuliza mwenzako yuko wapi katika kazi yake kabla ya kumpelekea mzigo.

Baada ya kukusanya kuna kupanga. Vikaratasi vya neno hupangwa kwa tarehe, kisha hugawanywa mafungu kwa maana, kila fungu likabandikwa fasili ya muda. Murray aliwaeleza wenzake wa Chama cha Filolojia mwaka 1884 jinsi hatua hii inavyochanganya akili. Mhariri ana mafungu ishirini, thelathini, arobaini. Anayatandaza mezani, meza isipotosha anayatandaza sakafuni, ili ayaone yote kwa pamoja, kisha kwa saa nyingi anayahamisha huku na huku kama kete za mchezo, akitafuta mlolongo ambao maana moja ingeweza kweli kuzaa nyingine. Ushahidi wenyewe una matundu. Karne nzima inaweza kukosa kikaratasi hata kimoja, si kwa sababu watu hawakulitumia neno bali kwa sababu vitabu vyao vimepotea. Neno 'art' lilimshinda kwa siku kadhaa. Akaliandika hivyo hivyo, likapangwa chapa; alipoliona katika chapa akaona jengo lote limekaa vibaya, akalibomoa na kulijenga upya.

Sasa tandaza sakafuni vikaratasi vya 'run'. Hapa kuna mtu anayemkimbia mbwa. Hapa maji ya mto. Hapa mshumaa unaochuruzika, pua ya mtoto mwenye mafua, bomba lililoachwa wazi. Chombo kinachokwenda na upepo wa tezi. Rangi ya kitambaa inayochuja kwenye maji. Barabara inayofuata pwani. Mkataba wa miaka mitano. Mchezo wa kuigiza uliokaa jukwaani majuma kumi. Kinu cha nyuzi kinachonguruma. Mwenye duka. Mgombea wa useneta huko Marekani. Gazeti lililochapa habari fulani ukurasa wa mbele.

Mtu mwenye haraka ataweka mto, mshumaa na pua katika fungu moja: vyote vina majimaji. Fundi anasita. Katika sentensi ya mto, kitu kinachotajwa kuwa kinakwenda ni maji yenyewe. Mshumaa hauendi popote; kinachokwenda ni nta yake. Pua haiendi, bomba haliendi. Kitenzi kimehama kutoka kwa majimaji kwenda kwa chombo kinachoyatoa, na mhamo huo ni hatua ya akili ambayo mtu fulani, katika karne fulani, aliichukua kwa mara ya kwanza. Basi ni fungu jingine. Barabara nayo? Humo hamna kinachosogea kabisa, isipokuwa jicho la anayeitazama ikipita kandokando ya bahari. Mkataba umechukua wakati ukaufanya njia. Kinu kinazunguka pale pale kilipo, hakiendi mbele wala nyuma. Kisha angalia sentensi zenye mtendwa: mtu anaendesha mashine, mtu anaendesha kiwanda kizima, mtu anaendesha biashara isiyo na gurudumu hata moja. Je, mashine ndiyo iliyofungua mlango wa biashara? Dhana hiyo inashawishi, na hapo ndipo tarehe zilizoandikwa pembeni mwa kila kikaratasi zinapolipa gharama ya kukusanywa. Mhariri hasemi inavyoelekea. Anaangalia kipi kilitangulia.

Kuna jaribio moja ninalolipenda, la kujua kama maana mbili ni mbili kweli. Ziunganishe katika sentensi moja kwa kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza, mtu anayejaza maji katika beseni la kuogea na mtu anayesimamia duka hutumia kitenzi hiki hiki, lakini ukijaribu kusema kwa mkupuo mmoja kwamba fulani alifanyia beseni na duka jambo hilo, sentensi inachechemea na msikilizaji anacheka. Kicheko hicho ni ushahidi. Akili yake ilikuwa imeziweka maana hizo vyumba viwili bila mwenyewe kujua. Ila jaribio halitoshi peke yake, kwa sababu ukiligawa neno kila linapochechemea utapata maana elfu zisizomsaidia mtu, na ukiacha kugawa utapata fasili pana mno isiyosema kitu. Mahali pa kukata ndipo unapoonekana mkono wa fundi, na hakuna kanuni inayomwonyesha.

Asili ya neno nayo inadai subira ya pekee. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kulikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja. Kimoja kilisema kwamba kitu kinakwenda mbio au kinatiririka. Kingine kilikuwa cha kutendesha: kumfanya farasi aende mbio, kumpanda na kumtimua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana anacho kimbia na anacho kimbiza. Sisi tofauti yetu imesimama imara katika mwisho wa neno. Kwa Kiingereza miisho ililegea, tofauti ya sauti ikafifia, na vitenzi viwili vikayeyuka kuwa kimoja kinachofanya kazi ya vyote viwili. Sehemu ya upana unaotushangaza leo inaanzia kwenye myeyuko huo.

Umbo lenyewe lilisafiri njia ya mzunguko. Ndugu zake wa Kijerumani walikuwa na r mwanzoni. Kiingereza cha kale kikawa kinasema zaidi 'irnan', irabu ikiwa imeipita r mbele, kwa mabadilishano yale yale ya sauti yaliyofanya neno la ndege, ambalo lilikuwa 'brid', liwe 'bird'. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza wakiwa na kitenzi chao cha ukoo huo huo, r ikiwa mwanzoni, wakachangia kuirudisha mahali pake. Irabu u tunayoijua haikuwa ya wakati uliopo hata kidogo. Ilikuwa ya umbo linaloonyesha kwamba tendo limekwisha, ikapanda polepole hadi wakati uliopo, na kufikia karne ya 16 ilikuwa imeshinda. Neno la herufi tatu, na kila herufi ina kesi yake.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote katika historia hii ni la maji. Wengi wetu tungeapa kwamba maana ya kwanza ni miguu, na kwamba aliyesema mto 'unakimbia' alikuwa mshairi aliyeazima. Ushahidi unakataa. Kadiri unavyorudi nyuma, maji na miguu vimo pamoja. Kijerumani cha leo kina 'rinnen' kwa kinachotiririka na 'rennen' kwa anayekimbia, matawi mawili ya mti mmoja. Hata neno la Kiingereza la dawa ya kugandishia maziwa yawe jibini, 'rennet', linatoka ukoo huu: maziwa yaliyokwenda pamoja yakashikana. Asiyefuata tarehe angeandika kwamba maji ni sitiari. Angekosea kwa ujasiri, na hakuna ambaye angemsahihisha, kwa sababu inavyoelekea ndivyo.

Halafu inakuja fasili, na hapo nawaonea wivu mafundi hawa. Jaribu mwenyewe kufasili kukimbia kwa mtu ambaye hajawahi kukuona ukikimbia. Utasema ni kwenda haraka. Lakini mtu mzima mwenye miguu mirefu anaweza kutembea akampita mtoto mdogo anayekimbia kando yake, na bado anayekimbia ni mtoto. Haraka si kiini chake. Katika toleo la kwanza la kamusi ya Oxford, herufi R ilikuwa mikononi mwa William Craigie na wasaidizi wake, na wao walitazama chini, kwenye miguu: mguu mmoja huwa umekwisha kunyanyuka kabla mwingine haujatua. Ndicho kinachotenganisha kutembea na kukimbia. Mtu fulani ilibidi aache kuwaza neno, awaze mwili unaokwenda, hadi aone kitu ambacho kila aliyewahi kukimbia amekifanya na hakukiona. Kisha akakitia kwenye mabano, kwa maneno machache, akaendelea na maana inayofuata, na nyuma yake zikisubiri nyingine kwa mamia.

Fasili njema ina masharti magumu. Isitumie neno ambalo ni gumu kuliko linalofasiliwa. Itoshe kila kikaratasi katika fungu lake, na isitoshe kikaratasi hata kimoja cha fungu la jirani. Iweze kuwekwa mahali pa neno lenyewe ndani ya sentensi bila sentensi kuvunjika. Na isijipambe. Johnson aliweza mara chache kuingiza hasira zake na mapenzi yake kati ya fasili, na watu humpenda kwa hilo. Mimi napenda zaidi wale waliomfuata Oxford, ambao huwezi kujua kwa kuwasoma kama siku hiyo walikuwa na homa au walikuwa wamefiwa.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Mkataba wa 1879 ulitegemea kazi ya kama miaka kumi na kurasa 7,000. Kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 1884, kilikuwa na kurasa 352 na kiliishia kwenye neno 'ant'. Wasimamizi wa kiwanda cha uchapishaji walipima mwendo kwa kuhesabu kurasa ngapi za Murray zinaingia katika ukurasa mmoja wa kamusi ya Webster ya Marekani, na vitenzi vidogo ndivyo vilivyoharibu hesabu kila mara, kwa kuwa kitenzi kifupi kinaweza kula kurasa ambazo maneno mia mbili marefu hayangezila. Murray alihamia Oxford mwaka 1885, akajenga banda jipya la mabati kwenye bustani ya nyumba yake ya Banbury Road, sehemu yake imezama ardhini, lenye baridi na unyevu. Wakati wa kipupwe alifanya kazi amevaa koti zito, miguu ameiingiza ndani ya sanduku isipigwe na upepo wa chini ya mlango. Watoto wake, kumi na mmoja kwa jumla, walipanga vikaratasi kwa alfabeti wakalipwa senti za matumizi. Alifariki mwaka 1915 akiwa katika herufi T. Henry Bradley, mhariri mwenzake ambaye 'set' ilikuwa katika fungu lake, alifariki mwaka 1923. Craigie na Charles Onions ndio walioifikisha kazi mwisho mwezi Aprili 1928, ikiwa na maneno 414,825 na manukuu zaidi ya 1,800,000.

Gilliver alipokifikia kitenzi cha Craigie karne moja baadaye, taabu ilikuwa imegeuka. Murray aliumia kwa uhaba: vikaratasi vitano vya 'abuse'. Leo magazeti ya karne tatu na vitabu visivyohesabika vimeingizwa kwenye kompyuta, na ukiandika 'run' katika hifadhidata moja unaletewa sentensi ambazo maisha ya mtu hayatoshi kuzisoma. Ufundi umekuwa wa kuchagua na kuacha. Ila sakafu ya Murray iko pale pale, hata kama sasa ni kioo. Mtu bado anasoma sentensi moja, anauliza nani anasogea hapa na nini kinamsogeza, anaiweka kwenye fungu, anasoma ya pili. Kompyuta inaweza kumletea tarehe ya zamani zaidi kuliko aliyokuwa nayo jana. Haiwezi kumwambia kama pua na bomba ni jambo moja.

Kazi hii ilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Clarendon Press ya Oxford, mchapishaji yule yule wa vitabu vya Murray, ilitoa mwaka 1903 kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya A. C. Madan, mmisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) aliyefanya kazi Zanzibar, na juu ya msingi wake Frederick Johnson akajenga kamusi iliyotoka mwaka 1939. Madan alikuwa ametunga pia ya Kiingereza kwa Kiswahili, hivyo naye alikutana na 'run', ila kwa upande wa pili wa mto. Kwetu kitenzi hicho hutawanyika. Mtu anakimbia, maji yanatiririka, mshumaa unachuruzika, rangi inachuja, biashara inaendeshwa, ubunge unagombewa, chombo kinapanda mwamba. Kazi ambayo mhariri wa Oxford anaifanya kwa kisu, Kiswahili kilikwisha kuifanya kwa msamiati.

Lakini sisi nasi tunacho cha kwetu. Mwenye kukimbia anaweza pia kupiga mbio, na hapo ndipo mtunga kamusi wa Kiswahili anapokunja mikono ya shati. Tunapiga mtu, ngoma, kengele, hodi, magoti, mbizi, kambi, ramli, chapa, pasi, deki, picha, kura, simu. Katika pasi kuna kitu kinachogusa kitu. Katika magoti kuna ardhi. Katika kambi, labda vigingi. Katika kura sioni kinachogongwa, na katika mbizi ni mwili mzima unaoyapiga maji, kama ni hivyo. Kamusi zetu huvipanga vifungu hivi kimoja baada ya kingine, na mpangilio wa wakati, kipi kilizaa kipi, ungehitaji mtu wa kukaa sakafuni na mashahidi: tenzi za zamani kuanzia Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, barua za hati ya Kiarabu ambazo C. G. Büttner alizichapisha Berlin mwaka 1892. Gazeti la misheni la Msimulizi lililoanza Zanzibar mwaka 1888. Mambo Leo la Dar es Salaam, kuanzia 1923.

Kwa baadhi ya vifungu mtu huyo angejua aanzie wapi. Waya wa telegrafu ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na neno simu lenyewe ni la Kiajemi, lenye maana ya waya. 'Piga simu' ya kwanza basi ni ya baada ya hapo. Akiipata, pengine katika barua ya mfanyabiashara anayeuliza bei ya karafuu, bado atakuwa na swali: je, mwandishi alikuwa anaona kidole cha karani kinachogonga kitufe cha telegrafu, au kitenzi kilikuwa kimekwisha kuizoea kazi ya kupeleka habari mbali, kwa kupiga mbiu na kupiga ngoma? Kulijibu atahitaji vikaratasi vya vyote vitatu, kila kimoja na tarehe yake.